Miguu Niliyoisugua Deira

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa hivi tumalizane, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya niliyaona mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na nimeshiba wali. Sikuhadithiwa na mtu. Sikio langu la kushoto halisikii mpaka leo, na ukilitazama kwa karibu utaona kovu la kuungua linaloingia ndani. Daktari aliniuliza ni mjinga gani aliyenifanyia vile. Nikamwambia ni mimi.

Kazi yangu Dubai ni miguu. Saluni yetu iko Karama, na wateja wasiopenda kutoka tunawafuata majumbani kwao: kuwasafisha kucha, kuwasugua visigino, kuwatoa nywele za miguuni kwa nta ya moto. Watu wakisikia hivyo hunionea huruma, lakini miguu haijawahi kunitia kinyaa. Nimekata kucha zilizooza, nimesugua visigino vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi, kisha nikanawa nikaenda kula. Nakueleza hivi ujue kwamba mimi si mtu wa kuchefuka ovyo.

Jambo lingine ulijue mapema. Wakati ule roho yangu ilikuwa Korogwe kwa mama. Mama ana kisukari, na kwa muda mrefu kila nikipiga simu nilikuwa naambiwa hawezi kuja kuongea. Kaka Hamisi ndiye aliyekuwa akipokea. Habari za nyumbani? Nzuri. Mama? Mzima, amelala. Kesho yake mzima, anaswali. Keshokutwa mzima, ametoka kidogo kwa jirani. Sisi tulio mbali tunaujua mchezo huo. Nyumbani hawakwambii jambo baya, wanaogopa utashindwa kufanya kazi, na wewe unabaki unahesabu mara ngapi mtu mmoja anaweza kulala kwa siku.

Basi siku hiyo, alasiri, jua linaunguza, madam wa saluni akanitumia ujumbe wa sauti. Kuna mteja mpya Deira, mama mtu mzima, anakusanya sirens, niwe na adabu na nisiguse vitu vyake. Mimi kwa jina hilo nakijua king'ora tu. Njia nzima nilimwambia Kevo, dereva wetu, Mkenya wa Nakuru, kwamba leo nakwenda kwa bibi aliyejaza nyumba honi za ambulensi.

"Hawa matajiri wako na mambo," Kevo akasema. "Wewe maliza chapchap, mimi nakungoja hapa chini kwa AC."

Jengo lilikuwa la zamani, karibu na hori, chini kuna ofisi za kusafirishia mizigo na duka la vyombo vya jumla. Mlangoni kulikuwa na mlinzi Mganda. Nilipomtajia namba ya nyumba alikunja uso akasema, "Huyo mama tangu aingie hapa, hajatoa takataka hata siku moja." Nikadhani ananisimulia uvivu wa watu wenye pesa.

Mlango ulipofunguliwa, udi ulinipiga puani mpaka nikakohoa. Napenda udi, lakini ule ulikuwa umefukizwa kufunika kitu. Chini yake kulikuwa na harufu ya banda la kuku lililofungwa madirisha yote. Mama mwenyewe alikuwa amevaa abaya pana jeusi lililoburuzika sakafuni, na uso wake ulikuwa mzuri, sina sababu ya kusema uongo. Ukimwambia mtu ana miaka thelathini ataamini, ukimwambia sabini ataamini vilevile.

"Karibu mwanangu, pita ndani," akaniambia. "Usivue viatu."

Kwa Kiswahili. Kiunguja kilichonyooka, cha watu wa zamani. Fikiria wewe, unashinda siku nzima na yes madam, sorry madam, yalla yalla, halafu mteja anakuita mwanangu. Niliyeyuka. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, nikajiambia ni katika zile familia za Kizanzibari zilizohamia huku miaka na miaka. Furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nisijiulize ni nyumba gani ya Uarabuni unaingia na viatu.

Akanitangulia ukumbini. Mwendo wake ulikuwa wa kurukaruka, kama mtu aliyevaa viatu vinavyombana. Kuta zote zilijaa picha, na yeye alikuwa akisimama kwenye kila moja, ananionyesha kwa kidevu.

Ya kwanza haikuwa picha, ulikuwa mtungi wa udongo juu ya kimeza, mwekundu na mweusi. Umechorwa meli, na mtu amefungwa kamba kwenye mlingoti, na juu yake ndege mkubwa mwenye kichwa cha mwanamke.

"Siren wa Wagiriki wa kale, anayewaita mabaharia kwa sauti wakafa," akasema. "Hao walijitahidi. Unawaona hawa wapiga makasia? Wameziba masikio kwa nta. Huyu aliyefungwa ndiye aliyetaka kusikia bila kulipa."

Baadaye jiwe la kaburini, mwanamke mwenye mbawa na miguu ya ndege, ameshika kinubi, analia. "Hapa wakanipa kazi ya kulilia maiti," akasema. Kisha ukurasa wa kitabu cha mapadri wa Ulaya wa zamani, umechorwa mwanamke mwenye mkia wa samaki, mkono mmoja kitana, mkono mmoja kioo. Hapo akatema mate. Mate kweli, sakafuni, ndani ya nyumba yake.

"Hapa ndipo uongo ulipoanza. Wakanikata miguu, wakanivisha mkia."

"Kama nguva, mama," nikasema, nami nionekane nimo.

"Mimi na nguva wapi na wapi," akajibu, na nikaona nimemuudhi hasa.

Zikafuata picha kubwa za mafuta, zenye fremu za dhahabu. Wasichana weupe, uchi, laini kama donge la chapati, wamejilaza juu ya mawe, na mabaharia wanawatumbulia macho huku wanazama. Mwisho kabisa, kama mzaha, alikuwa ametundika begi la shule lenye kisamaki-msichana anayecheka na menyu ya hoteli yenye mwingine anayekonyeza jicho.

"Umeona?" akasema. "Kila wakichora, mimi nazidi kupendeza na mifupa inazidi kupungua. Hadithi ya kwanza kabisa haikusema nina sura gani. Ilisema nina sauti, na ilisema nimekaa katikati ya mifupa na ngozi za watu zinazonyauka. Lakini nani ataning'iniza ukutani mifupa? Hawa wachoraji wote hawakunisikia, mwanangu. Aliyenisikia hakurudi kuchora."

Nikacheka kwa adabu. Alisema mimi, mimi, nami nikaona ni namna ya kusema ya mtu aliyependa sana vitu vyake. Wewe ungedhani nini?

Sebuleni kulikuwa na giza la mapazia. Pembeni, juu ya mto wa sakafuni, alikaa kijana mmoja amevaa sare ya waleta chakula wa pikipiki, kofia yake ngumu mapajani, lile begi la chakula ubavuni. Nikamsalimu, hakuitika. Nikasema labda ni Mhindi, labda amechoka na joto, mama amemhurumia akampumzisha. Nikajaza maji beseni, nikatia chumvi, nikachomeka kopo langu la umeme liyeyushe nta, maana alitaka na nywele za miguu zitolewe. Akakaa kwenye kochi, akainua abaya, akaanza kuvua soksi. Akavua soksi, chini yake soksi nyingine, chini yake nyingine.

Nisikilize vizuri. Ile haikuwa miguu ya mtu. Ilikuwa ya manjano, ya magamba, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, na kucha zilizopinda kama ndoano za kutundikia nyama buchani. Juu ya vifundo ngozi ilikuwa na vidutu vya manyoya yaliyokatika, kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka. Na harufu ile niliyoisikia mlangoni, kumbe udi ulikuwa umeifunika kwa heshima tu. Ilinijia yote kwa mara moja, tamu na chachu.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Kwa sababu kwenye kazi yetu umefundishwa usishtuke. Mteja akikuonyesha mguu wenye matende, mguu uliokatwa vidole, mguu wenye kidonda, uso wako ubaki palepale. Nikajiambia ni ugonjwa. Nikamshika mguu nikautia majini, nikaanza kusugua.

Maji yakawa ya kijivu. Vikatoka vitu katikati ya vidole, vinyama vilivyokauka, nywele, uchafu ambao sikutaka kuujua. Kisha chini ya ukucha mmoja nikachomoa kitu kigumu, nikakitazama. Ukucha. Ukucha wa mtu, wa dole gumba la mkono, na kwenye mzizi wake kuna ngozi. Kucha ndiyo kazi yangu, siwezi kukosea. Nikaufunika kwa karatasi, na kimya cha chumba kile kikanizidi nguvu. Sasa sikia kosa nililolifanya, kosa la watu wetu. Mswahili akiogopa kimya anafanya nini? Anasalimia upya.

"Habari za nyumbani, mama?" nikasema.

Akainamisha kichwa upande, kama kuku anapotazama punje.

"Za nyumbani kwangu au kwako?"

"Zozote, mama."

Zozote. Ningejua ningejing'ata ulimi ukatoka. Wazungu wale wamemchora na kinubi, wamemchora na filimbi, wakidhani ni muziki. Hakuna muziki. Hakuimba hata kidogo. Alinipa habari.

Alianza na geti letu la bati, jinsi linavyokwama kwenye mchanga, na jinsi Hamisi anavyolisukuma kwa goti. Akanieleza jirani amehamisha ukuta. Akaja kwa mama. Akasema vile viatu vya ngozi nilivyomtumia vilimbana kidole kidogo, mama akavivaa hivyohivyo mpaka harusini kwa sababu vimetoka kwa mwanawe. Kikatoka lengelenge. Lengelenge likawa kidonda, kidonda kikawa cheusi, akakificha kwa khanga mpaka nzi wakaanza kumfuata. Akanieleza rangi ya usaha. Akanieleza hospitali, msumeno, na jinsi Hamisi alivyokabidhiwa mguu umefungwa kwenye shuka akauzike, na jinsi alivyouona mzito.

Na mimi nilikuwa nafurahia. Naomba uamini hilo hata kama huamini miguu ya ndege. Ile sauti ilikuwa tamu kiasi kwamba mate yalinijaa mdomoni. Nilikuwa nasikia habari ya mguu wa mama yangu kukatwa, nami namwambia moyoni, endelea, halafu ikawaje, usiruke kitu. Kila alichosema kilikuwa kweli na nilijua ni kweli. Baada ya majibu yote yale ya nzuri, nzuri, hatimaye mtu ananiambia. Sikusikia njaa wala maumivu ya magoti. Ningekaa pale mpaka ninyauke.

Kilichoniokoa ni uzembe wangu. Nilikuwa nimeegemea na mkono ukateleza ukaingia kwenye kopo la nta iliyokuwa inachemka. Maumivu yale yalipita katikati ya sauti yake, na kwa kitambo kidogo tu nikaukumbuka mtungi wa ukumbini na wale wapiga makasia. Sikufikiri mara mbili. Nilichota nta kwa kijiko cha mti nikajimiminia sikio la kushoto, kisha la kulia nikaisukuma kwa kidole. Nililia kama mtoto, na kilio changu mwenyewe sikukisikia.

Basi sauti ilipokatika, nikaona nilipokuwa. Kochi lile lilikuwa na tabaka la mavi meupe ya ndege. Zulia lilinata, ndiyo maana hakutaka nivue viatu. Begi la chakula la yule kijana lilikuwa linatembea kwa funza, na kijana mwenyewe alikuwa hai, amekauka midomo, mapaja yameota vidonda vya kukaa, anatabasamu. Tabasamu lile lilinichefua kuliko funza, kwa kuwa nilijua ladha yake. Na mama yule hakukasirika wala hakuniinukia. Aliendelea kusema tu, miguu yake ndani ya beseni langu, ananitazama kwa upole. Nikauona mdomo wake ukifunguka bila sauti. Ulimi wake ulikuwa mdogo, mgumu, mkavu, umechongoka kama wa kuku.

Nilitapika palepale, nikatoka nikitambaa. Vifaa vyangu niliviacha vyote.

Kevo aliponiona alishuka garini mbio. Nilisoma midomo yake: masikio yako imefanya nini? Nikamwelekeza juu kwa mkono, nikapiga kelele kwamba kuna mtu anakufa. Wakapanda yeye na mlinzi. Waliniambia baadaye kwamba nyumba ilikuwa wazi, dirisha limefunguliwa, hakuna mama yeyote. Picha za dhahabu zote zilikuwa ukutani. Kilichoondoka ni mtungi peke yake.

Yule kijana walimbeba, na njiani anawapiga mateke. Akawatukana kwa lugha tatu. Alikuwa Mpakistani, na mlinzi, aliyeokota Kiurdu kazini, alisema anadai arudishwe, kwamba alikuwa ameanza tu kuambiwa habari za binti yake. Watu wa ambulensi walidhani ni joto. Sikumcheka. Nilisimama kwenye kivuli cha jengo, nta inapoa masikioni, na mimi pia nilitaka kurudi juu. Bado sikujua kama mama yuko hai.

Sikio la kulia lilipozibuliwa, simu ya kwanza niliipiga Korogwe. Sikumsalimu Hamisi. Nilimuuliza mguu wa mama ameuzika wapi. Akasema, "Nani kakwambia?" Akaanza kulia. Mama alikuwa hai. Nilimlilia madam wa saluni mpaka akanipa likizo, nikasafiri.

Nilimkuta mama amekaa kitandani, mzima, amekonda, shuka limelala bapa upande mmoja. Nilimkumbatia, na baada ya chai akanisimulia ilivyokuwa. Alisema alikanyaga msumari uani. Akaanza na msumari, akarudi nyuma kueleza fundi aliyeuacha, akasahau jina la fundi, akamuuliza Hamisi, wakabishana, akasahau alikuwa anasema nini. Hakuvitaja viatu. Aliniangalia usoni akanidanganya, ili nisije nikajua kwamba zawadi yangu ndiyo iliyomkata mguu.

Nami, badala ya kumpenda kwa hilo, nilichoka kumsikiliza. Nilikaa karibu na mama yangu aliye hai, nimemshika mkono, nikawa natamani anyamaze, ili yule mwingine aendelee pale alipoishia. Kinyaa cha funza na mavi ya ndege kiliisha kwa sabuni. Hicho cha kumchoka mama hakijaisha. Kila mama akinipigia sasa, najilazimisha kumsikiliza kwa sikio lililobaki, na kila mara nasikia jinsi anavyosimulia vibaya.

Kwa hiyo wewe uliye huko mbali, Deira au popote, nakuomba. Ukikutana na mtu usiyemjua anayekupa habari za kwenu, na habari ni mbaya, na wewe unaona tamu, usimtazame uso, usimtazame miguu, ondoka. Halafu piga simu nyumbani. Watakwambia nzuri. Waulize tena, watakwambia nzuri. Kubali kudanganywa na watu wako, na ukae nao kwenye simu mpaka salio liishe.